Mimi ni mkazi wa wapi jamani?

Hili la vibali vya silaha huku Marekani limenichosha. Jumatatu hadi Ijumaa nalala New Jersey kwa sababu ya kazi. Ijumaa jioni navuka mto Delaware kurudi Pennsylvania kwa mke na watoto. Kote kuwili nalipa kodi ya nyumba.

Sheria ya shirikisho iko wazi: ukiwa na makazi kwenye majimbo mawili, unahesabiwa mkazi wa lile ulipo kwa wakati huo. Na bastola, tangu sheria ya mwaka 1968, unauziwa kwenye jimbo unaloishi tu. Sawa. Sasa nenda duka la silaha la New Jersey Jumatano! Muuzaji anaigeuza leseni yangu ya udereva, anaisoma mbele na nyuma, anaisukuma kwenye kaunta: "Hii ya Pennsylvania." Namtolea mkataba wa pango, namtolea bili ya umeme. Anatikisa kichwa.

Kubeba bastola ndiyo balaa kabisa. Kibali changu cha Pennsylvania hakitambuliwi New Jersey. Ukijisahau ukavuka daraja na bastola kiunoni, upande wa pili umeshakuwa mhalifu, na kifungo chake si cha siku, ni cha miaka. Basi kila Jumapili usiku nalimwaga begi lote kitandani, napapasa mfuko mmoja mmoja, ndipo nawasha gari.

Manesi, mafundi, madereva wa malori, wangapi tunaishi hivi? Wawafundishe hao wauzaji sheria yao wenyewe!