Shemeji, Shika Simu

Poka ya mtandaoni mimi huicheza kibahili. Meza ya senti 1 na 2 (madau ya lazima ya wachezaji wawili kila mgao), naingia na dola 2, na katika kila migao 100 nacheza kama 5: jozi kubwa, ree na kingi, ree na kwini. Nyingine natupa. Ree mbili huja kwa wastani mara moja katika migao 221, na meza ya watu tisa hugawa kama 70 kwa saa. Kuzisubiri ni kama kusubiri mvua Dodoma mwezi wa nane.

Shemeji yangu wa Nkuhungu ni mtu wa mikwara. Karata kwake ni kisingizio. Jioni ile alikaa pembeni yangu akisonya kila nilipotupa.

"Shem, hizo mbona kali?"

Jeki na tatu!

Mara mama mkwe akaita: "Mkwe, hebu njoo unishushie hizi kreti." Zabibu za Hombolo, bajaji imejaa. Nikaacha simu kwenye kochi. Kazi ya shemeji ilikuwa kutofanya kazi: usipobonyeza kitu, muda ukiisha programu inakutupia karata yenyewe.

Narudi, anacheka peke yake. Kapewa saba na mbili za rangi tofauti, mkono mbovu kuliko yote ya kuanzia, akasukuma dola zote 2. Meza nzima ikakimbia. Wasikimbie vipi, wakati jioni nzima wamemwona mtu asiyegusa ila karata za maana? Heshima nimeijenga mimi, kaila yeye, na kaila kwa senti 3 za yale madau ya lazima. Ukihatarisha 200 upate 3, lazima wakukimbie zaidi ya mara 98 katika 100. Na meza za senti hazikosi mbishi anayefuata kila kitu.

Hilo ningelimeza. Programu humpa mshindi hiari ya kuonyesha karata zake. Akaonyesha.

Mgao uliofuata, wallahi, ree mbili. Wawili walishaingia kwa senti 2 tu, na kanuni ni mara tatu ya dau kubwa, uongeze dau kubwa moja kwa kila aliyeingia hivyo. Nikapandisha hadi senti 10. Wakafuata wanne! Ree mbili dhidi ya mtu mmoja hushinda kama mara 85 katika 100. Dhidi ya wanne, kama 56. Zikafunguliwa karata tatu za wote mezani: kwini, tisa, nne. Nikaweka 35. Jamaa mmoja akasukuma zote, nami nikafuata, maana meza iliyokwisha kuniona chizi, hata mwenye kwini moja angesukuma.

Alikuwa na tisa na nne: jozi mbili, zikaila yangu moja.

"Lakini shem," shemeji akasema, "bila mimi wote wangekimbia, ungeambulia senti 7."

Kihesabu yuko sahihi, ndiyo maana sikumjibu. Akasubiri kidogo, kisha akaniomba nauli ya bodaboda ya kurudi Nkuhungu, kwa kazi ya kuwaita wateja.