Kilomita ya Shamba Haina Mita Elfu Moja

Jamani, mbio za marathoni za huku shamba hazianzi bila mtu anayeitwa mgeni rasmi. Tangazo limesema saa 12 kamili asubuhi. Saa 12 mko pale uwanja wa shule, uji mmeshakunywa tangu saa 10 alfajiri kama mlivyoshauriwa, mafuta ya mgando mmejipaka mapajani, kwapani na kwenye chuchu. Ndiyo, chuchu. Fulana ya pamba iliyolowa jasho ni msasa, na wanaomaliza na madoa mawili mekundu kifuani ni wale waliocheka waliposhauriwa. Mgeni rasmi anaingia saa 1 na nusu. Anahutubia. Anaishukuru kamati, kisha kamati inamshukuru yeye kwa kuishukuru. Filimbi inalia saa 2, na hesabu yote ya kumaliza kabla jua halijawa kali imekwenda na maji kabla hujanyanyua mguu.

Wala tusimlaumu peke yake. Hizo kilomita 42 na mita 195 zenyewe ni kazi ya wageni rasmi: mwaka 1908 kule London mbio zilipangwa zianzie kwenye kasri la Windsor na ziishie uwanjani mbele ya jukwaa la kifalme, na mwaka 1921 urefu huo ukawekwa kuwa kanuni. Yaani vidole vinang'oka kucha huku milima ya Usambara kwa sababu kuna watu walitaka kukaa pazuri.

Sasa hizo 42 zinapimwaje? Njia inayotambulika hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabu gurudumuni. Kihesabu husawazishwa kwanza kwenye kipande kilichopimwa kwa futi kamba, kisha kila kilomita huongezewa mita 1 ili njia isije ikapungua. Shambani inapimwa na bodaboda. Hata kama sindano ya mita ya pikipiki haijalala tangu ikiwa mpya, tairi lililochakaa ni dogo, linazunguka mara nyingi zaidi, hivyo mita inadai kilomita imetimia wakati haijatimia. Kosa la asilimia 5 tu ni zaidi ya kilomita 2. Basi unajiona mjanja, unavaa saa ya satelaiti. Nayo kwenye kona kona za mlimani inachukua nukta moja hapa, nukta moja pale, inaziunga kwa mstari na kukata kona ambazo wewe umezikimbia zote. Mwenyekiti wa kamati anasema 42, saa inasema 40, magoti yanasema 50. Nikiulizwa, naamini magoti.

Kwa hiyo acha kabisa kupiga hesabu ya lami. Chukua mtu wa dakika 6 kwa kilomita. Lami yote angemaliza kwa saa 4 na dakika 13. Mpe njia ya shamba: lami kilomita 10, changarawe 18 kwa dakika 6 na sekunde 40 kila moja, njia ya ng'ombe 9 kwa dakika 9, na 5 na ushee za udongo mwekundu uliolowa kwa dakika 12, maana kila hatua unabeba kiatu na nusu ya shamba la mtu. Jumla ni saa 5 na dakika 23. Zaidi ya saa nzima imepotea na hujafanya kosa lolote. Mlima mkali tembea, mikono magotini, bila aibu. Anayeukimbia utamkuta kilomita ya 32 ameketi kwenye jiwe anaongea na kuku.

Viatu. Zile raba za mjini zenye sponji nene kama godoro, kwenye mawe zinayumba na kukutegua kifundo. Tafuta za soli yenye meno, na mtumba si dhambi, ila gundi ya raba iliyokaa miaka ghalani hukauka: soli inashika vizuri sokoni, inabanduka mtoni. Zikimbie kilomita 20 kwanza, mbili zikiwa za matope. Ziwe na nafasi ya unene wa kidole gumba mbele. Kucha kata siku 3 kabla, si usiku wa kuamkia. Kamba pitisha kwenye lile tundu la juu kabisa ambalo kila mtu huliacha, upande ule ule, itoke kitanzi. Kila ncha iingize kwenye kitanzi cha mwenzake, kisha kaza. Kisigino kinatulia na vidole haviendi kugonga mbele kwenye mteremko.

Maana mteremko ndio adui, si mlima. Mlima unakuchosha waziwazi, mteremko unakuchekea. Misuli ya mbele ya paja inakaza huku inavutwa, na hapo ndipo nyuzi zake zinapochanika kidogo kidogo. Usirushe mguu mbele na kufunga breki kwa kisigino. Hatua fupi za haraka, goti limelegea, macho mita 3 au 4 mbele. Maumivu hayaji siku hiyo. Yana adabu, yanasubiri.

Vituo vya maji ni ndoo moja, kikombe kimoja, na mama mmoja mkarimu anayekulazimisha unywe vyote kwa sababu "umepauka, mwanangu." Usinywe vyote. Maji matupu mengi mno yanazimua chumvi mwilini, na mtu anaweza kuanguka akiwa amejaa maji tele. Kama nusu lita kwa saa inawatosha wengi. Beba yako: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ndiyo, ni ule ule mchanganyiko anaopewa mtu anayeharisha. Na kula kabla hujasikia njaa: ndizi mbivu moja au tende 5 kila saa, kuanzia saa ya kwanza, kwa sababu ukifika kilomita ya 30 akiba ya sukari mwilini inakatika kama umeme, bila taarifa.

Mishale ya njia imechorwa kwa chokaa. Usiku imenyesha. Vitambaa vilivyofungwa mitini viko vichwani mwa watoto wanaokushangilia. Ukifika njia panda bila alama, usimfuate aliye mbele yako, huenda anakwenda sokoni. Ng'ombe wakiziba njia, tembea, pita nyuma ya mchungaji, usimtenge ndama na mama yake.

Sasa yale maumivu yenye adabu. Yanafika kesho yake na kupamba moto siku ya pili, na choo cha nyumba uliyofikia ni cha shimo. Kuchuchumaa utafika, utake usitake. Kuinuka ndiko kwenye kazi. Kagua kwanza kama kuna nguzo au komeo imara la kushika. Shika kwa mikono miwili, uzito wote mikononi, jivute. Kama hakuna, nenda na mtoto wa nyumba hiyo asimame nje, mkubaliane mapema neno la kuitana.