Ofisi kuendeshwa kijeshi: nakubali, ila sio kwa fokafoka

Kuna mabosi wakishapita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) tu wanataka ofisi nzima iende kama kombania, na wafanyakazi wanalalamika kweli. Mimi niko katikati kidogo ila nina upande wangu. Nidhamu ya muda tunaihitaji jamani, mafunzo ya JKT ya mujibu wa sheria, yaani yale ya lazima, yalisimama 1994 mpaka 2013, kuna kundi kubwa maofisini halijawahi kusimamishwa paredi, na kikao cha saa tatu kuanza saa nne tumeshaona ni kawaida.

Lakini wanaopinga nao wana hoja. Kuruta akiambiwa lala chini analala, mhasibu ana mkataba, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, huwezi kumtimua kwa sababu kakujibu mbele za watu. Halafu ukimfokea mtu kila akikosea, kesho akikosea anaficha, wewe unakuja kujua mteja ameshaondoka.

Kinachoniuma ni kwamba tunachukua kwata na ukali, yale yanayofanya jeshi lifanye kazi tunayaacha hukohuko kambini. Jeshini mtu anapitishwa kozi ya uongozi kabla hajakabidhiwa watu, hata kama ni koplo wa watu wachache tu. Kwetu? Fundi mzuri au muuzaji mzuri anaamka asubuhi kawa supavaiza, hajafundishwa hata namna ya kumwonya mtu, ndo maana anaishia kufoka, hana kingine anachokijua. Hapo simlaumu yeye, namlaumu aliyempandisha.

Kingine ni tathmini baada ya zoezi. Jeshi la Marekani limeijenga tangu miaka ya 1970, zoezi likiisha wanakaa wote wanaulizana tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini, tutabadilisha nini, na mwenye cheo kidogo anaruhusiwa kusema mkuu alikosea wapi. Niambie ni ofisi gani hapa mjini mhudumu wa mapokezi anaweza kumwambia meneja hivyo na kesho akarudi kazini kwa amani.

Kwa hiyo bosi anayetaka ujeshi aanzie hapo, mwezi ukifungwa aitishe hicho kikao na aanze kutaja makosa yake yeye kabla ya ya wengine, na masupavaiza wapelekwe kozi. Habari ya kusimamisha watu mstari asubuhi kuwakagua viatu naomba ibaki kambini.