Korongo Jikoni

Koki ya zamani ya jikoni kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, ilikuwa inadondosha tone, basi. Tone moja, unahesabu mpaka nne, tone jingine. Fundi wa mtaani akaiangalia, akasema raba ya ndani imelika, nimpe shilingi 500 akanunue nyingine. Mtu mwenye akili angetoa hiyo 500. Mimi nilikuwa na ugeni wa mama mkwe kutoka Mpwapwa, mara ya kwanza tangu tuhamie kwetu wenyewe, na jiko nimelipiga vigae. Sikutaka akute koki ya uani imesimama katikati ya vigae.

Nikapanda bajaji mpaka Majengo. Kijana wa dukani akanipima kwa macho, akaziruka zile za 15,000, akanishushia moja yenye shingo ndefu iliyopinda kama ya korongo, inang'aa mpaka nikaona ndevu zangu zinahitaji kinyozi.

"Shika, bosi, usikie uzito. Shaba tupu hiyo."

Nikashika. Nzito kweli. Hakuna cha kuzungusha, ina mkono mmoja unaouinua kwa kidole. Shilingi 85,000. Ili nisionekane mshamba, nikauliza swali moja la kitaalamu: "Ni nusu inchi?" Akasema nusu inchi. Nikalipa. Kwamba chini yake inaning'inia mipira miwili, mmoja una alama nyekundu na mwingine ya bluu, niliona ni ukarimu wa kiwandani.

Kwetu bomba linalotoka ukutani ni moja. Maji ya moto kwetu yanatoka kwenye sufuria.

Fundi nilimnyima kazi, nilishaangalia video. Nikajikunja chini ya sinki, mama mkwe kakaa kwenye kigoda mlangoni anachambua mlenda, ananitazama kwa huruma. Koki ya mita sikuifunga, ya nini, wakati maji yenyewe hayakuwepo? Jiko letu liko kwenye laini ya moja kwa moja; mgao ukikata, limekatika, bafuni ndiko kunakojitegemea na tenki. Mpira wa bluu nikaufunga ukutani, nikauzungushia tepu nyeupe mpaka ukafanana na kidole chenye bandeji. Ule mwekundu nikaufikiria kidogo, nikaamua ni wa siku tutakayofunga hita. Nikaukunja vizuri, nikauegemeza juu ya kiroba cha unga wa uwele alichotuletea mama mkwe.

"Mwanangu," akasema, "mbona shingo yake imepinda? Haikuteguka?"

Nikamwambia ndiyo mitindo ya sasa hivi, mama.

Nikaujaribu ule mkono. Juu, kimya. Chini, kimya. Sasa niuache wapi? Nikafikiri kama mtu mzima: swichi zote za nyumba hii ukibonyeza chini taa inawaka, ukibonyeza juu inazima. Nikauacha juu, katikati kabisa, nikaenda kuoga.

Maji yalirudi saa tisa usiku. Usiku watu wamelala, hakuna anayeyagawana, kwa hiyo yanakuja na nguvu zake zote. Mama mkwe, aliyelala na wajukuu chumba cha jirani na jiko, akasikia sauti ndani ya kabati: shiiiii. Mwanamke wa Mpwapwa hahitaji kuelezwa shiiiii ni nini. Akashika mwiko, akafungua mlango wa kabati, na ule mpira mwekundu, uliokuwa unacheza juu ya kiroba umeinua kichwa, ukamtemea usoni.

"Swilaaa! Kanitemea machoni! Maziwa! Leteni maziwa!"

Nilitoka chumbani na panga. Panga nililikumbuka, suruali sikuikumbuka. Nilikuwa nimejifunga kanga ya mke wangu. Kumtokea mkwe ukiwa hivyo, hata kama kuna nyoka, ni jambo ambalo wazee wangekaa kikao. Yeye amefumba macho, anaushushia mpira mwiko. Mke wangu anamimina maziwa ya watoto kwenye macho yasiyo na tatizo lolote. Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu na yana rangi ya uwele. Ukikaa Dodoma unalijua korongo la aina ya pili, lile la mchanga mkavu ambalo mvua ikinyesha linashuka ghafla na magogo. Hilo ndilo lililokuwa jikoni kwangu, ila badala ya magogo kulikuwa na sufuria.

Jirani akaruka ukuta na rungu. Kumbe ndiye aliyejua mita yangu iko wapi. Mimi nilikuwa nimeimwagia mchanga wa ujenzi juu yake.

Fundi alikuja alfajiri akipiga miayo. Akachuchumaa, akatazama, hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Hii ni ya kuchanganya," akasema. "Ndani ni chumba kimoja: baridi inaingia huku, moto unaingia huku. Wewe mlango wa moto umeuacha wazi. Maji hayajui kwamba huo ni wa kuingilia." Halafu akaugusa mdomo wa koki. Kile kichujio chembamba, akasema, kwa maji haya ya visima vya Mzakwe, yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, kingeziba mapema tu. Alikuwa na dawa rahisi: kizibo cha nusu inchi kwenye mpira mwekundu, kazi imeisha.

Mama mkwe akasema yeye hapiki mbele ya kile kitu, kiwe na kizibo, kisiwe nacho.

Koki ya zamani ikarudi. Raba, 500. Kumtoa fundi kitandani, 10,000. Dukani wakakataa kuipokea ile nyingine, eti imeshaguswa na maji. Na unga wa uwele tuliuanika kwenye turubai uani, ukawa tofali moja kubwa, kuku wakaudonoa kwa wiki nzima.

Jioni nikamsikia mama mkwe uani anaongea na simu ya Mpwapwa. Nyoka alikuwa mita mbili. Jumatatu, kwenye simu ya Kongwa, akafika mita nne. Alhamisi, anaongea na dada yake, nikasikia ana vichwa viwili, kimoja chekundu, kimoja cha bluu.