Jani Jingine Halitaokoa Grili Yangu

Menya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma, halafu kiache hivyo hivyo bila kukisuuza. Ukikirudia utakikuta na weusi usiotoka kirahisi hata ukisugua. Hiyo ni tanini ya ndizi, ile kemikali ya mimea yenye ukakasi, iliyoshikana na chuma. Ndiyo maana sikushangaa niliposoma kwamba watafiti wa Malaysia walikamua tanini ya magome ya mikoko, wakaitumia kukinga chuma kisiliwe na tindikali.

Molekuli za mmea, hasa zenye oksijeni au nitrojeni, hung'ang'ania chuma na kutandaza utando mwembamba, tindikali ikakosa pa kung'ata. Viwanda vinakihitaji kitu hicho, kwani hata bati husafishwa kwa tindikali kabla ya kuchovywa kwenye zinki. Na baadhi ya vizuia kutu vya zamani, kama kromati, husababisha saratani.

Lakini jamani, majani yamepimwa mno! Mwarobaini, mkaratusi, mlonge, hina: kila moja lina makala yake ya kitaalamu, na nyingi hujisifu kupunguza kuliwa kwa chuma kwa asilimia 90 na ushei. Majani hayo yanapimwa wapi? Kwenye bilauri ya tindikali, mara nyingi kwa saa chache tu. Grili ya dirisha langu haikai kwenye bilauri. Inapigwa na upepo wa chumvi usiku na mchana. Fundi aliyeichomelea aliipaka redi oksaidi juu ya kutu, msasa hakugusa, na mwaka haujaisha inabanduka magamba kama changu.

Mimi ningeshika tanini tu. Hugeuza kutu nyembamba kuwa utando mweusi unaopokea rangi. Kutu nene lazima ikwanguliwe kwanza. Wala mikoko tusiiguse, magome yake yalishavunwa vya kutosha Rufiji tangu enzi za Mjerumani. Njombe kuna miti ya miwati, na tanini yake imetengenezwa huko kwa miongo mingi kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Kazi iliyobaki haina sifa: kuhakikisha dumu la tanini lililotengenezwa masika lina nguvu sawa na la kiangazi, halivundi dukani, na limejaribiwa ufukweni mwaka mzima.

Likipatikana, fundi yule nitamwita tena. Ila safari hii nitasimama pale pale, brashi ya waya mkononi.