Chakula Kinachozama

Kila anayetaka kufuga samaki huanza na hesabu ileile: vifaranga elfu moja, miezi sita au saba, kila samaki gramu mia tatu na kitu, zidisha. Nimeiona kwenye madaftari, kwenye simu, na mara moja kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Ni hesabu tamu kwa sababu haina maji ndani yake.

Sisemi hivi kuwakatisha watu tamaa. Samaki wa maji baridi ni mfugo wa ajabu. Sato anayelishwa vizuri huongeza kilo moja ya uzito kwa chakula cha kilo moja na nusu hadi mbili hivi. Ng'ombe wa kunenepeshwa huhitaji kilo sita na zaidi. Samaki hapotezi nguvu kupasha mwili joto, wala hahitaji mifupa mizito ya kubebea uzito wake, maana maji yanambeba. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, viumbe wa majini waliofugwa duniani walizidi waliovuliwa, takribani tani milioni 94, na sehemu kubwa yao walitoka kwenye maji yasiyo na chumvi. Jambo hili lilistahili kelele zaidi ya zile lilizopata.

Shida ni kwamba samaki anaishi ndani ya choo chake. Katika nitrojeni yote iliyomo kwenye chakula, ile inayojenga protini, ni kama robo hadi theluthi tu inayoishia kwenye nyama ya samaki. Iliyobaki hutoka kama amonia kupitia mashavu yake, au kama kinyesi, au huzama chini bila kuliwa kabisa. Na chakula ndicho kinachomeza nusu ya gharama za ufugaji, mara nyingi zaidi ya nusu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile protini uliyoilipia humwekei samaki. Unayawekea maji.

Maji nayo hayakai kimya. Mwani hunyonya amonia hiyo, hustawi, na bwawa huwa kijani. Kijani cha wastani ni neema: sato huuchuja mwani na kuula, na mchana mwani humwaga oksijeni kwenye maji. Ila jua likizama, mwani uleule huanza kuvuta oksijeni pamoja na samaki, na bakteria wa chini wanaoozesha mabaki huvuta pia. Kiwango hushuka usiku kucha na kufika chini kabisa alfajiri. Ndiyo maana bwawa hufa asubuhi.

Nimelishuhudia. Jioni samaki walirukia chakula kwa fujo, na sote tulifurahi. Mvua ikanyesha usiku, na siku mbili zilizotangulia zilikuwa za mawingu, kwa hiyo mwani haukuwa umetengeneza oksijeni ya kutosha. Kulipokucha, wakubwa walikuwa wameelea wamegeuza matumbo, na wadogo walikuwa juu ya maji wakihema vinywa wazi. Wakubwa ndio hutangulia kufa, na hilo lilimfanya mwenye bwawa aamini kwamba jirani ametia sumu. Hakukuwa na sumu. Kulikuwa na wiki tatu za kulisha kupita kiasi.

Tena kijani kikizidi hukupiga pande mbili. Alasiri mwani hutumia kabonidayoksaidi na kupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi na ubesi wa maji, na pH ikipanda sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile inayoua. Alfajiri samaki anakosa hewa, alasiri anaunguzwa mashavu. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine: zamisha mkono. Vidole vikipotea kabla kiwiko hakijagusa maji, punguza chakula leo, si kesho, na ongeza maji mapya kama unayo.

Ninaposikia neno "endelevu", basi, naanzia hapo kwenye chakula kisicholiwa. Kinachoua samaki wako ndicho kinachokwenda mtoni siku ukikausha bwawa, kikawaoteshea mwani walio chini yako. Tope la chini ya bwawa ni mbolea. Mahali pake ni shambani, na kulimwaga mtoni ni kutupa mali na kumharibia jirani kwa pamoja.

Vizimba ziwani, yaani nyavu za kufugia samaki, ni kesi ngumu zaidi, kwa kuwa pale hakuna tope la kuzoa. Kila kinachopenya wavuni ni cha ziwa. Upepo mkali ukiyapindua maji, yale ya chini yasiyo na oksijeni hupanda juu, na samaki wa vizimba vyote hufa kwa siku moja, wa mzembe na wa makini. Kwangu mimi, kibali cha vizimba kihesabu uwezo wa ziwa zima, si karatasi za mwombaji mmoja. Na samaki wageni hutoroka, daima. Sato aliyepelekwa asikokuwako amezaana na jamaa zake wa kienyeji na kuwafifisha.

Mitambo ya kuzungusha maji? Inaokoa maji kwelikweli, ila umeme ukikatika kwa muda usiofika saa nzima, umemaliza kazi. Inawafaa wachache.

Kinachonivutia ni kitu cha zamani. Wachina walijua karne nyingi zilizopita kuchanganya karpi wa aina mbalimbali: mmoja akila majani, mwingine akichuja mwani, wa tatu akichimbua chini. Mabaki ya huyu yalikuwa chakula cha yule. Sisi tunachimba bwawa, tunaweka aina moja, kisha tunanunua kwenye gunia kila kitu ambacho bwawa lingeweza kutoa. Hata kambare wachache wenye ukubwa uliopimwa, wakitiwa baadaye ndani ya bwawa la sato, hupunguza wale vifaranga wa sato ambao huzaliwa ovyo, wakajaza bwawa na wote wakadumaa.

Siku hizi anayeniomba ushauri simuulizi ana vifaranga wangapi. Namuuliza nani husimama ukingoni mpaka punje ya mwisho iliwe. Mara nyingi nasikia kwamba kijana humwaga ndoo nzima, kisha huondoka.