Kiingereza hakihitaji kupitia Kifaransa

Wiki hii nimeshika daftari la mtoto wa dada yangu, anayesoma Kiingereza jioni katika senta moja hapa Ibanda, mjini Bukavu, na hasira haijanitoka. Maelezo yote yameandikwa kwa Kifaransa. Juu ya ukurasa, kwa biki nyekundu: hali timilifu ya Kiingereza (ile ya "have seen") ni sawa na pase konpoze, wakati uliopita wa Kifaransa. Chini yake kuna zoezi, kutafsiri "J'ai vu Jean hier", yaani "nilimwona Jean jana". Mtoto ameandika "I have seen John yesterday", na mwalimu ameweka alama ya vema.

Hilo ni kosa. Kiingereza hakikubali "have seen" pamoja na "yesterday". Ni "I saw John yesterday", basi. Nilipomuuliza kwa nini mwalimu hakueleza kwa Kiswahili, akanijibu: "Mama mdogo, kule Kiswahili kimekatazwa. Ukisema neno moja unalipa faranga mia tano."

Wangekuwa wanasema Kiingereza tu darasani, ningenyamaza. Kuna walimu wazuri wanaofundisha hivyo, na masikio ya mwanafunzi yanafunguka. Lakini hapa Kifaransa kinaruhusiwa, Kiswahili kinatozwa faini, wakati Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa. Kifaransa kimekuwa dalali: kila sentensi inayotoka kinywani mwa mtoto kwenda kwenye Kiingereza lazima ipite kwake, naye anakata cha kwake. Anachokata ni nyakati za vitenzi.

Piga simu Kadutu, mtaa mwingine wa Bukavu, uulize mama anafanya nini. Utaambiwa "Mama iko anapika." Uliza desturi ya nyumba ile, utaambiwa "Mama anapikaka sombe kila Jumapili." Hakuna mtoto wa Bukavu anayechanganya hayo mawili, hata kabla hajaanza shule. Kiingereza nacho kinayatenga vilevile: "Mum is cooking" ni sasa hivi, sufuria iko motoni, "Mum cooks sombe every Sunday" ni mazoea. Kifaransa kinasema "Maman cuisine" kwa yote mawili. Najua "en train de", yaani "kuwa katika kufanya", ipo, ila watu huitumia wanapotaka kukazia tu. Kwa hiyo mtoto anaingia darasani na tofauti hiyo tayari kichwani, anaamriwa aiache mlangoni, halafu miezi inayofuata anapewa sifuri kwa kuandika "I am going to church every Sunday". Tofauti hiyo alikuja nayo kutoka nyumbani.

Tena tazama mpangilio wenyewe. "Niko naandika." "I am writing." Niko inakaa mahali pa "I am", naandika inakaa mahali pa "writing". Ukitaka kurudi nyuma, unagusa kipande cha kwanza tu: "nilikuwa naandika", "I was writing". Mwalimu anaweza kumaliza somo hilo kwa dakika kumi na darasa zima likaelewa, hata yule anayekaa nyuma kabisa. Na hapa nasema jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu: Kiswahili hiki chetu, ambacho ndugu zetu wa Dar es Salaam hukiita kibovu, ndicho kinachotusaidia zaidi. "Ninapika" ya vitabuni inaweza kubeba maana zote mbili. "Niko napika" na "napikaka" hazichanganyiki hata kidogo. Ile -ka ya mwishoni, ambayo ndugu yake yuko kwenye Kilingala, "nasalaka", imetutunzia wakati mzima wa kitenzi. Tuache kuionea haya mbele ya wageni na mbele ya watoto wetu.

Kwa yaliyopita, Kifaransa cha kila siku kinaweka "j'ai mangé" kwa chakula cha jana na kwa shibe ya sasa. Sisi tuna "nilikula jana" na "nimesha kula, asante". Kiingereza kina "I ate yesterday" na "I have already eaten". Mwanafunzi aanze hapo, si kwenye pase konpoze.

Nakubali, -me- ina mitego yake. Wapo wanaosema "amefika jana" bila shida, Kiingereza hakiruhusu. Kuna pia "amelala", "amechoka", "amevaa": ukizitafsiri neno kwa neno utasema "she has worn a red dress" kumbe mtu yuko mbele yako na gauni mwilini, na Kiingereza kinataka "she is wearing". Hilo lifundishwe wazi, kwa orodha fupi ya vitenzi vya hali. Haliwezi kuwa sababu ya kufukuza lugha nzima.

Halafu kuna "I didn't went", kosa ninalolisikia kuliko yote. Dawa yake iko mdomoni mwetu. Tunasema "niliandika", na tukikana tunasema "sikuandika". Ile -li- inaondoka, -ku- inabeba wakati uliopita peke yake. Hakuna mtu anayeziweka -ku- na -li- ya wakati pamoja katika kitenzi kimoja. Vivyo hivyo "I wrote", na "I did not write": "did" imeshabeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi kuwa kitupu. Tangu nianze kuwaeleza hivyo vijana wa nyumbani, nimewaona wakijisahihisha wenyewe kabla ya kumaliza sentensi.

Na "when I will arrive"? Hiyo ni "quand j'arriverai" iliyovaa maneno ya Kiingereza. Sisi tunasema "nikifika nitakupigia", -ta- inatokea mara moja tu. "When I arrive, I will call you."

Kwenye kutaja umri hakuna msaada popote: "niko na miaka 20" na "j'ai 20 ans" zote zinampeleka mtu kwenye "I have 20 years", na sahihi ni "I am 20". Vitenzi kama "go, went, gone" vinakaririwa tu. Ile "s" ya "she works" inataka mazoezi ya mdomo, maana Kiswahili kinaweka nafsi mwanzoni na Kifaransa hakitamki mwisho wa "ils parlent".

Kifaransa kina mchango wake, sikatai. Maelfu ya maneno kama "decision" na "government" yanaingia kirahisi kwa anayekijua. Lakini wangapi wanakijua? Akina mama wanaovuka mto Ruzizi kwenda Rwanda kila asubuhi na bidhaa zao, vijana walioacha shule mapema, hao wote wanaambiwa Kiingereza si chao kwa sababu Kifaransa hakikuwakolea. Ng'ambo, Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza. Sisi tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Watu hawa wanahitaji lugha hiyo sasa, na nusu ya sarufi yake wanayo tayari.

Walimu wa senta, bandueni tangazo la faini. Wiki ya kwanza, kabla ya neno lolote la Kifaransa, andikeni ubaoni "niko naenda" na "naendaka", na pembeni "I am going" na "I go", kisha waacheni wanafunzi wataje sentensi zao wenyewe.